Mtaalamu wa Maana za Mapazia

Jumatatu, 3 Machi

Muuza viatu amehama! Chumba cha kona kiko kitupu. Nimeenda kuchungulia kabla hata hajamaliza kupakia maboksi yake. Chumba gani hicho! Madirisha mawili mapana, mlango wa kuingia watu wawili bila kubanana, kibaraza cha kukalisha wateja, na kila mpita njia lazima apite hapo mbele atake asitake.

Mke wangu amekingoja chumba hicho tangu tuhamie nyumba hii. Yeye hushona mapazia, na kiwanda chake ndicho chumba chetu cha kulala. Cherehani imekaa miguuni pa kitanda. Vitambaa viko juu ya kabati, chini ya kitanda, na mara nyingi kitandani penyewe, mimi nikaachiwa ukingo. Asubuhi hii nimejifuta uso kwa taulo, kumbe ni nusu ya pazia la mtu. Mteja akija, mimi natoka. Nasimama ukumbini nikijifanya napunga upepo.

Wanaokitaka ni wawili: mke wangu na Kinyozi, jirani yetu wa mlango wa pili, anayesema kibanda chake hakitoshi tena kwa umaarufu wake. Umaarufu! Mwenye nyumba, ambaye sisi wapangaji tunamwita Bibi Funguo kwa ajili ya lile shada la funguo linalolia kiunoni mwake kila anapokwenda, amesema atatoa jibu Jumapili. Anataka kwanza aone nani anakihitaji zaidi.

Mke wangu amenikalisha kitako. Ameniambia hajawahi kutamani kitu kama anavyokitamani chumba hicho. Kisha ameniomba jambo moja tu: nisimsaidie. Nimeuliza kwa nini. Amenionyesha lile pazia nililojifutia uso. Nimekubali.

Nimekubali kwa mdomo. Mwanamume gani ataweka mikono mfukoni huku mkewe ananyang'anywa chumba na mtu wa mashine ya kunyolea? Kinyozi ana domo. Wanaume wote wa mtaa huinamisha vichwa mbele yake, naye huku anawanyoa huku anajipigia debe. Sisi tuna nini? Wateja wachache wanaobadilisha pazia likishatafunwa na panya.

Wazo limenijia nikiwa nimejilaza juu ya kitambaa cha watu. Watu hawashoni mapazia mapya kwa sababu wanayo mapazia. Basi inabidi wayaonee haya waliyo nayo!

Jumanne, 4 Machi

Kazi imeanza. Nimempata Mama Pacha bombani. Huyu ni jirani wa nyumba ya pili, mama wa mabinti pacha, na ukimwambia jambo anapoanza kuteka maji, ndoo haijajaa mtaa mzima unalo. Nimemsalimu, nimemwuliza hali za watoto, kisha nikaguna nikitazama dirisha lake. Akauliza kulikoni. Nikasema hapana, si kitu. Akaning'ang'ania. Basi nikamwambia, kwa vile ni jirani: pazia la kahawia maana yake nyumba hiyo ina mkono wa birika.

Amenyamaza. Mama Pacha kunyamaza! Kisha ameuliza kwa sauti ya chini nani kasema. Nimemjibu kwamba mambo haya yana wataalamu wake, na mimi nalala na mapazia kila siku ya Mungu. Hilo si uongo. Akauliza pazia la kijani je. Baraka, nikamwambia. Kabla ya mchana alikuwa mlangoni kwetu anataka kijani, na anakitaka upesi.

Roho kwatu! Nimevuta kiti nje na kufungua darasa. Nyeupe: wenyeji hawana kinyongo na mtu. Bluu: habari njema ziko njiani. Nyekundu: humo ndani mke ndiye anayetoa amri. Kijivu: moyo umefungwa. Njano: mwenye dirisha ni mmbea. Hapo kwenye njano nilikuwa nimeishiwa maana, ila mdomo ulikuwa bado unakwenda.

Aliyenishinda ni Nesi, mpangaji wa chumba cha juu yetu. Yeye hufanya zamu za usiku hospitalini na hulala mchana. Nimemwambia kijivu chake kinamfukuzia wachumba. Amecheka mpaka akashika ukuta. Amesema maana za pazia anatuachia sisi, yeye shida yake ni giza. Anataka pazia zito lisiloacha hata ufa, jua lisimkute usingizini. Mtu hana hata chembe ya udadisi! Hata hivyo ameagiza.

Jumatano, 5 Machi

Foleni! Foleni mlangoni kwetu! Mke wangu anashona bila kuinua kichwa. Ameniuliza kwa nini watu wote wameichukia kahawia kwa mpigo. Nimesema huenda ni msimu. Bibi Funguo amepita, ameona watu wamesimama mpaka kwenye ngazi, akapunguza mwendo. Nimemwona kwa macho yangu akipunguza mwendo!

Habari tamu zaidi: Kinyozi yamemkuta. Mlangoni kwake palikuwa na pazia jekundu. Wateja wake, wakiwa wamekaa kwenye benchi, wamekuwa wakimwuliza kwa upole kama kaomba ruhusa nyumbani kabla ya kuwanyoa. Mchana amelishusha na kutundika shuka. Shuka la maua! Nimepita pale mara kadhaa kumpa pole.

Kwa kuwa kazi imezidi, nimejitolea kupima madirisha ya wateja. Mke wangu amesita. Nimemkumbusha kwamba hata mtu asiyejua kushona anajua kusoma namba. Mwishowe amenipa futi yake ya kupimia.

Futi hiyo ina kisa. Zamani mwanzo wake uliungua kwa pasi, akaukata, kwa hiyo haianzii kwenye moja kama futi za watu wengine. Ukipima chochote, namba inakuja na nyongeza ya kiganja kizima, na lazima uiondoe. Fundi mwingine akiazima futi ile atashona vituko. Lakini mimi si mgeni humu ndani, siri zote za futi ninazo! Nimepima kwa Mama Pacha, kwa Nesi na kwa wengineo, na kila nilipoandika kipimo nilitoa kiganja kwanza, safi kabisa. Mke wangu amepokea vipimo na kukata kitambaa. Mke na mume, bega kwa bega!

Alhamisi, 6 Machi

Mapazia ni mafupi. Yote.

Aliyetangulia kuleta habari ni Nesi. Ameshuka na macho mekundu, kanga imemkaa upande. Pazia lake linaishia juu ya ukingo wa dirisha, na kwenye kile kipande kilichobaki wazi jua linapita moja kwa moja hadi kwenye mto wake. Amesema amelala akiwa amejifunika sufuria usoni. Sikujua kama anatania. Sikuuliza.

Mke wangu ameshika kipande cha karatasi nilichoandika vipimo. Kumbe yeye, kama kawaida yake ya miaka yote, alipopokea vipimo alitoa kiganja kabla ya kukata! Mimi nilipunguza kwa kuwa naijua futi. Yeye akapunguza kwa kuwa anaijua futi. Angekuwapo mjinga mmoja tu kati yetu, mapazia yangetosha.

Ameniuliza kwa nini sikumwambia. Nimemwuliza kwa nini hakuniuliza. Amenionyesha mlango.

Huko nje nimekutana uso kwa uso na Mama Pacha, pazia lake la kijani kwapani, mdomo umeshakaa tayari. Sikumpa nafasi. Nimempa mkono wa hongera! Nikamwuliza kama ameshaona jinsi lilivyomkaa. Pazia fupi, nikamwambia, ni la nyumba isiyo na la kuficha. Wenye makuu na mambo yao ya gizani huburuza mapazia sakafuni, lakini watu safi huacha kiganja wazi, apitaye aone. Mama Pacha amefunga mdomo. Amelitazama pazia lake upya. Amerudi nyumbani akitembea kama bibi harusi.

Jioni haijafika, wanawake waliokuja kulalamika wamebaki kujisifu. Mmoja ambaye dirisha lake sikulipima mimi, la kwake likawa sawa, amekuja kununa kwamba amepunjwa, anataka likatwe. Hata Kinyozi amelikunja shuka lake mpaka magotini. Mtu akiingia kunyolewa, unaona miguu yake yote. Nilijisikia kama nimezaliwa upya.

Nesi peke yake hakuikubali fasiri yangu. Mke wangu amechukua kitambaa kilichobaki, ameunga ukanda chini ya pazia lake, na kulipandisha juu mwenyewe. Nilijitolea angalau kumshikia pini. Amesema pini zina kazi nyingine. Nesi amelala.

Ijumaa, 7 Machi

Mambo yametumbukia nyongo.

Nilikuwa kwenye kibanda cha mboga nikiwafafanulia watu kuhusu marinda. Kinyozi akatoka kwake na mkasi mkononi, mpole, ametabasamu meno yote nje. Akaniamkia kwa adabu ambayo sijawahi kuiona kwake. Akasema yeye ni mtu wa nywele tu, hajui makubwa, ila anaomba kuelimishwa: pazia la njano lina maana gani? Pembeni yake alikuwa Bibi Funguo, akichagua nyanya.

Nilianza kucheka. Kisha nikainua macho.

Njano! Dirisha la mbele la nyumba ya Bibi Funguo, pale mkabala na kibanda, njano. La upande wa barazani, njano. Miaka yote nimekwenda pale kupeleka malalamiko ya bomba na paa, na sikuwahi kuona!

Nikasema njano ni dhahabu, ni heshima, ni mtu mkarimu. Mama Pacha, na namjua hana nia mbaya, akasema la hasha, nilimwambia njano ni mmbea, anakumbuka vizuri kwa sababu amewaambia watu wote. Bibi Funguo akauliza watu wote ni kina nani. Mama Pacha akasema wote.

Nikajitetea kwamba njano ziko mbili: njano ya limau na njano ya ndizi mbivu. Maana zake hazikaribiani kabisa! Kinyozi akauliza, kwa upole uleule, ile pale dirishani ni ipi. Watu wakageuka wote kwa pamoja kutazama madirisha ya Bibi Funguo. Wakaanza kubishana! Muuza mboga anasema limau. Mama Pacha anasema ndizi, tena iliyopitiliza. Bibi Funguo amelipia nyanya zake, ameingia ndani, na kuyafunga mapazia yake mchana kweupe. Hajawahi. Tumesikia funguo zikilia mpaka mlango wa ndani.

Mke wangu alikuwa dirishani kwetu na sindano mkononi. Amesikia yote. Hakupiga kelele. Heri angepiga kelele! Amekunja vitambaa kimoja kimoja na kuviweka juu ya kabati. Kisha amesema aliniomba jambo moja tu. Amesema sasa chumba ni cha Kinyozi, naye atashonea miguuni pa kitanda mpaka azeeke, na wala Kinyozi hamlaumu.

Nimeona aibu. Aibu ya kweli, si ile ya kuinamisha kichwa ili mtu anyamaze.

Lazima nirekebishe. Nina wazo.

Jumamosi, 8 Machi

Wazo lilikuwa hili. Kila Jumamosi asubuhi Bibi Funguo huenda kupima presha, na madirisha huyaacha wazi nyumba ipate hewa. Nitashusha mapazia yake kwa nje, niyafue, niyapige pasi, niyarudishe kabla hajafika. Atayakuta yanang'aa, moyo utamlainika. Kuomba radhi kwa vitendo! Mke wangu sikumwambia. Alinikataza nisimsaidie yeye, na huku nilikuwa namsaidia Bibi Funguo.

Kushusha kulikwenda vizuri. Nikayatia kwenye beseni uani, maji ya uvuguvugu, sabuni ya kutosha. Nikafikicha. Maji yakawa ya njano. Nikafurahi kwamba uchafu unatoka. Nikafikicha zaidi. Baadaye nikagundua kwamba ninachofikicha ni viganja vyangu mwenyewe.

Jua lilikuwa limeyala mapazia yale miaka nenda rudi, na kilichokuwa kimeyashikilia ni vumbi. Yamemumunyuka kama mkate kwenye chai. Nilipojaribu kukamua kwa huruma, nimebaki na pindo moja na pete za kutundikia.

Kinyozi aliyaona yote kutoka mlangoni kwake. Hakucheka. Amevua kofia. Hapo ndipo nilipoogopa.

Bibi Funguo amerudi. Madirisha yako uchi, mtaa mzima unaona hadi ndani: kiti chenye mto kilichosogezwa dirishani, miwani juu ya mkono wa kiti, picha ya marehemu mumewe ukutani. Mimi nimesimama mbele yake na beseni. Nikasema tu kwamba mapazia yalikuwa haya. Ameinama akatazama ndani ya beseni. Ameuliza, yote mawili? Nikasema ndiyo, mama. Akauliza, hakuna kilichobaki? Nikamwonyesha pindo.

Amekaa kwenye ngazi. Mabega yakaanza kutikisika. Nikajua nimemliza mjane wa watu. Nilitamani beseni linimeze.

Alikuwa anacheka! Amecheka mpaka funguo zikacheka naye. Akaniambia mapazia yale aliyaleta marehemu mwenyewe, ameyabeba begani, amejaa furaha, na yeye aliichukia rangi ile tangu siku ya kwanza. Hakuwa na moyo wa kumwambia. Mzee alipofariki, akashindwa kuyashusha kwa mikono yake, akaona ni kama anamtoa nje ya nyumba. Basi akawa anangoja jua limalize kazi, na jua lenyewe lina uvivu. Hapo akafuta macho, na safari hii alikuwa analia kweli, kidogo. Na mimi nikalia kidogo. Amesema marehemu angenikuta na beseni hili angeanguka chini kwa kicheko.

Mke wangu amefika mbio, mkasi mkononi, uso umemsawijika. Ameona beseni. Hakunitazama hata. Amempa Bibi Funguo pole, amemwinua, kisha amemwuliza anataka pazia jipya limfanyie kazi gani. Hakuuliza rangi. Bibi Funguo ametazama huku na huku, akashusha sauti. Amesema anataka akae kwenye kiti chake auone mtaa wote, na mtaa usimwone yeye.

Mke wangu ameitikia bila kutabasamu. Kitambaa chepesi cha neti kwa mchana, amesema, na kizito nyuma yake kwa jioni. Ameanza kupima. Vipimo ameviandika mwenyewe na futi ameishika mwenyewe.

Lakini je, nimesikia sawasawa? Auone mtaa wote na mtaa usimwone? Basi ni mmbea! Njano nilipatia! Nikafungua mdomo. Mke wangu akanikanyaga mguu.

Jumapili, 9 Machi

Chumba ni chetu! Chetu!

Jana jioni Bibi Funguo alikuja kujaribisha kitambaa. Ili kukifikia ilibidi apande kitanda chetu, apite juu ya mto wangu, akae karibu na cherehani na kushikilia pindo kwa meno wakati mke wangu anaunga upande wa pili. Leo asubuhi neti ikiwa imeshatundikwa na yeye ameshakaa kitini pake, ametuita. Amesema mtu anayeweza kushona vile mahali kama pale, akipewa chumba atashona hadi mawingu. Amemkabidhi mke wangu ufunguo mbele yangu. Mke wangu ameushika kwa mikono miwili.

Kinyozi amenuna mpaka saa ya chakula, kisha amekuja kuagiza pazia la mlangoni. La mistari ya rangi zote, ili mtu asimfasiri.

Kuna sharti. Mbele ya Bibi Funguo nimeapishwa, mkono juu ya cherehani, kwamba sitamwambia tena binadamu yeyote maana ya pazia, iwe ya rangi, iwe ya urefu, iwe ya marinda, hadi kufa kwangu. Nimeapa kwa moyo mweupe kabisa. Nimeyaona mwenyewe mambo ambayo ulimi unaweza kufanya. Nilikaribia kumpotezea mke wangu kitu pekee alichokitamani, na hilo sitalisahau.

Tumehamisha cherehani. Chumba cha kulala kimebaki na kitanda tu, kinaonekana kama uwanja. Huko kwenye chumba cha kona mke wangu amesimama katikati ya sakafu tupu, amenyoosha mikono pande zote, amezunguka taratibu bila kugusa kitu. Amecheka peke yake. Kisha amenishika mkono. Mimi!

Nilipokuwa narudi kuchukua kiti, Mama Pacha amenivuta pembeni. Ameniuliza kwa sauti ya chini kama mazulia nayo yana maana. Nimemkata kauli papo hapo. Nimemwambia nimeapa, nimebadilika, na mambo hayo asinitajie tena maishani. Ameomba radhi na kwenda zake.

Nimesimama na kiti kichwani nikitafakari kiapo changu neno kwa neno. Kilikuwa cha mapazia.

Nimemkimbilia Mama Pacha nikamwuliza zulia lake ni la rangi gani.